Tebasaki, Vipapatio vya Kuku vya Nagoya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayetaka kupika nyumbani vipapatio vya kuku kama vinavyopikwa Nagoya, Japani: ngozi kavu inayovunjika mdomoni, nyama laini ndani, na juu yake utando mwembamba wa sosi ya soya yenye utamu, pilipili manga na ufuta. Vipimo viko katikati ya ukurasa. Ukiwa na haraka, soma kwanza jibu la kuviosha na kuvikausha, kisha jibu la kukaanga mara mbili. Mapishi haya yanafaulu au kuharibika hapo.

Tebasaki ni chakula gani hasa?

Ni vipapatio vya kuku vilivyokaangwa kwenye mafuta mengi bila kuvikwa rojo la unga, kisha vikapakwa sosi vingali moto. Sehemu inayotumika ni ile ya katikati yenye mifupa miwili, pamoja na ncha yake. Kile kipande kinene kinachoungana na kidari hukatwa na kupelekwa kwenye mapishi mengine. Nagoya ni mji mkuu wa mkoa wa Aichi, na watu wa huko wanajulikana kwa kupenda ladha nzito: miso nyekundu iliyokolea (soya iliyosagwa na kuchachushwa), sosi ya soya nzito ya tamari, mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) ya eneo la Mikawa. Tebasaki ni chakula cha watu hao. Chumvi yake, utamu wake na pilipili yake vyote vinasikika waziwazi.

Nani alivianzisha?

Sifa anapewa Otsubo Kenko, mwanzilishi wa mgahawa wa Furaibo uliofunguliwa mwaka 1963. Inasimuliwa kwamba siku moja kuku aliokuwa akiwapika kwa sosi yake hawakupatikana, na kwa muuzaji akakuta vipapatio vimerundikwa. Wakati huo vipapatio vilikuwa vya kuchemshia supu tu, tena kwa bei ya chini. Akavichukua, akavikaanga, akavipaka ile sosi yake, wateja wakavipenda. Mwaka 1981 Yamamoto Shigeo akafungua duka lililokuja kuitwa Sekai no Yamachan, akaja na vipapatio vyake vyenye pilipili manga nyingi. Hadi leo majina hayo mawili ndiyo yanayotajwa kwanza Nagoya. Furaibo wanaegemea utamu na ufuta mweupe, Yamachan wanaegemea ukali wa pilipili manga. Ukipika nyumbani, amua mapema unaelekea upande gani, maana ukitaka vyote viwili kwa nguvu sawa hutasikia hata kimoja.

Vinatofautianaje na vipapatio vya Kimarekani na vya Kikorea?

Vile vya Buffalo, jimbo la New York, vilianza mwaka 1964 kwenye Anchor Bar, mwaka mmoja tu baada ya Furaibo kufungua milango. Hivyo huchanganywa na sosi ya pilipili yenye siki na siagi mpaka vilowe. Vya Kikorea kwa kawaida huvikwa unga na kupakwa sosi nzito inayonata. Tebasaki ni vikavu kuliko vyote viwili. Ukivishika, vidole vinapata mng'ao wa sosi, lakini sosi haidondoki. Kama kwenye sahani yako kuna dimbwi la sosi, umepika kitu kingine, huenda kitamu, ila si tebasaki.

Ninunue vipapatio vya namna gani? Vya kienyeji vinafaa?

Nunua vya kuku wa kisasa, wale wa nyama. Kuku wa kienyeji ana ladha kubwa kuliko wao, nami nampenda sana kwenye mchuzi, lakini kipapatio chake kina misuli iliyofanya kazi na kinahitaji kuchemshwa muda mrefu. Dakika kumi za mafuta hazitoshi kukilainisha. Hata Nagoya, wenye kuku wao maarufu wa aina ya Cochin, vipapatio vingi vinavyokaangwa kwenye migahawa ni vya kuku wa kawaida wa nyama.

Ukinunua vizima, tafuta kiungo kwa kidole kisha pitisha kisu hapo. Kikipita kwa shida, umegonga mfupa, sogeza kidogo. Vile vipande vinene vitie kwenye friza kwa ajili ya siku nyingine. Ncha usizitupe: zina ngozi nyingi, na zikikaangwa vizuri zinatafunika. Vikiwa vya barafu, viyeyushe ndani ya friji usiku kucha. Usivitie kwenye maji ya moto, kwa sababu nje vinaanza kuiva huku ndani bado ni barafu.

Nivioshe kwanza?

Najua wengi wetu tumelelewa na kuosha kuku kwa ndimu na chumvi. Tatizo ni kwamba maji ya bomba yanaporuka yanasambaza vijidudu kama salmonela kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye kachumbari iliyo jirani, na moto wa mafuta unaviua vyote kwenye nyama hata hivyo. Kwa mapishi haya kuna sababu nyingine ya kuacha: maji ni adui wa ngozi kavu.

Kama huwezi kabisa kula kuku asiyeoshwa, mwoshe kwenye bakuli, taratibu, bila kurusha maji, kisha safisha sinki kwa sabuni. Baada ya hapo kausha. Chukua tishu za jikoni au kitambaa safi ambacho kitakwenda kufuliwa mara moja, na kandamiza kila kipande pande zote, hasa kwenye kile kikunjo cha ngozi karibu na kiungo ambako maji hujificha. Nyunyiza chumvi kidogo, panga kwenye wavu wa chuma bila kufunika, na uache ndani ya friji saa kadhaa au usiku mzima. Asubuhi utakuta ngozi imebana na inang'aa kama karatasi iliyopakwa nta. Hiyo ndiyo ngozi unayoitaka. Huna friji? Kausha vizuri kwa kitambaa na upike hapo hapo. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa usiache kuku mbichi mezani eti akauke kwa upepo.

Lazima nitumie unga? Unga gani?

Si lazima. Migahawa mingi hukaanga vipapatio vitupu. Nyumbani, ambako moto wetu hautulii, wanga kidogo unasaidia: unanyonya unyevu uliobaki na kuipa sosi mahali pa kushika. Wajapani hutumia wanga wa viazi, katakuriko. Wanga wa muhogo unafanya kazi vizuri mno. Wanga wa mahindi nao unafaa, nikimaanisha ule mweupe mlaini wa kuwekea mchuzi uzito, si unga wa sembe wa ugali. Unga wa ngano ninauepuka, kwa sababu ganda lake linapata rangi upesi na kulainika upesi likipata sosi.

Kipimo ni kidogo kuliko unavyofikiri. Vijiko vitatu au vinne vya chakula kwa kilo nzima, changanya kwa mikono, kisha kung'uta kila kipande. Kama bado unaona weupe badala ya ngozi, umezidisha.

Kwa nini kukaanga mara mbili? Mara moja haitoshi?

Kipapatio kina kazi mbili zinazogombana. Ngozi na viungo vyake vimejaa kolajeni, protini ngumu ambayo inahitaji muda kwenye moto wa wastani ili igeuke kuwa laini na utelezi. Nje inahitaji moto mkali ili maji yatoke na rangi ya kahawia ije. Ukitumia moto mkali tangu mwanzo, nje inaungua wakati viungo bado ni vigumu. Ukitumia moto mdogo tu, unapata ngozi ya rangi ya mchanga inayovutika kama mpira.

Kwa hiyo duru ya kwanza ni nyuzi 160 hivi kwa dakika 8 hadi 10. Vitoe, vipumzike kwenye wavu dakika 10. Wakati huo unyevu wa ndani unasogea kuelekea kwenye ngozi, na ukisogeza sikio utasikia bado vinachemka taratibu. Duru ya pili ni nyuzi 185 au 190 kwa dakika 2 au 3, na kazi yake ni kuufukuza unyevu huo uliosogea. Sikiliza mafuta: kelele kubwa ya mwanzo ni maji yanayotoka. Kelele ikipungua na mapovu yakawa madogo, maji yamekwisha na ngozi imekauka. Naamini sikio kuliko saa.

Watu huruka mapumziko ya katikati kwa sababu ya njaa. Ukiyaruka, ngozi inatoka kavu kwenye mafuta lakini inalainika baada ya dakika tano mezani, kwa sababu ule unyevu bado unakuja.

Sina kipimajoto cha mafuta. Nitajuaje?

Ingiza mwiko wa mbao mkavu mpaka uguse chini ya karai. Mapovu madogo yakipanda polepole kuuzunguka, uko karibu na nyuzi 160. Yakitoka kwa wingi na kwa haraka, umekaribia 180. Njia nyingine ni kudondosha tone la wanga uliokorogwa na maji. Likizama hadi chini kisha likapanda taratibu, ni moto wa duru ya kwanza. Likizama kidogo tu na kurudi juu haraka, ni moto wa duru ya pili. Mafuta yakitoa moshi, umepita mbali. Zima, subiri.

Kaanga vichache kwa zamu. Vipapatio vinane vya baridi vikiingia pamoja kwenye karai dogo vinashusha joto, na badala ya kukaangika vinachemka kwenye mafuta.

Naomba vipimo kamili.

Kwa kilo 1 ya vipapatio, watu watatu au wanne:

Chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga kidogo, wanga vijiko 3 hadi 4 vya chakula, mafuta ya alizeti au mafuta mengine yaliyosafishwa ya kutosha kuvizamisha. Karai lisijazwe kupita nusu.

Sosi: sosi ya soya mililita 80, mirin mililita 80, sake (pombe ya mchele) mililita 40, sukari vijiko 2 vya chakula, punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa, tangawizi mbichi iliyokunwa kijiko kimoja cha chai. Wasiotumia pombe waangalie jibu linalofuata.

Kumalizia: pilipili manga iliyosagwa wakati huo huo na ufuta mweupe uliokaangwa bila mafuta mpaka unukie.

Tengeneza sosi kwanza, hata asubuhi ukipenda. Chemsha vyote kwenye sufuria ndogo kwa moto wa wastani mpaka vipungue karibu nusu. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi, epua. Usingoje iwe nzito kama asali, itazidi kuwa nzito ikipoa. Chuja.

Kabla ya kukaanga, geuza kila kipapatio upande wa ndani na uchane kwa ncha ya kisu katikati ya ile mifupa miwili. Moto unaingia haraka na nyama inaachia mfupa kwa urahisi wakati wa kula. Kisha duru ya kwanza, mapumziko, duru ya pili.

Vikitoka mara ya pili usivirundike. Vipange kwenye wavu, paka sosi kwa brashi upande mmoja, geuza, paka upande wa pili. Mara moja tu kila upande. Nyunyiza pilipili manga, ufuta, peleka mezani.

Mimi ni Mwislamu. Nifanyeje kuhusu mirin na sake?

Acha vyote viwili. Mirin halisi ina kileo cha takriban asilimia 14, na kuchemsha hakukiondoi chote. Zipo chupa zinazouzwa kama mirin ya kuigiza zenye kileo chini ya asilimia 1, lakini hiyo si sawa na kutokuwa nacho. Badala yake tumia maji mililita 100, ongeza sukari mpaka vijiko 4 vya chakula jumla, na siki ya mchele au ya tufaa kijiko kimoja cha chai. Sukari inaleta mng'ao, siki inakata utamu.

Sosi ya soya iliyochachushwa kiasili nayo huwa na kileo kidogo kinachojitokeza chenyewe wakati wa kuchachuka, na nyingine huongezewa kileo ili zisiharibike. Tafuta chupa yenye alama ya halali. Wapo watengenezaji wanaoitoa, Wajapani wakiwemo, na madukani Uarabuni hupatikana kwa urahisi.

Sosi yoyote ya soya inafaa?

Tafuta ya Kijapani ya kawaida, yenye soya, ngano, chumvi na maji. Ile nzito nyeusi ya Kichina ni ya kutia rangi, na ikichemshwa mpaka ipungue inakuwa nyeusi na chungu. Ukiwa nayo hiyo tu, tumia nusu ya kipimo na ujazie maji. Kumbuka pia sosi ya soya ina chumvi nyingi, karibu asilimia 16, ndiyo maana nyama inatiwa chumvi kidogo tu mwanzoni. Asiyekula ngano atafute tamari isiyo na ngano na asome kibandiko vizuri.

Nikipaka sosi, ngozi inalainika. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni mojawapo ya haya: sosi ni nyepesi mno, umeimwaga badala ya kuipaka, au vipapatio vilikuwa vimepoa. Kipapatio cha moto kinakausha maji ya sosi pale pale na kubakiza utando. Kilichopoa kinayanywa. Sosi iwe na joto kidogo ili ipakike nyembamba, na brashi iwe tayari kabla hujatoa kipande cha kwanza kwenye mafuta. Kuvitia vyote kwenye bakuli la sosi na kuvirusharusha ni mtindo wa Buffalo.

Wengine hupaka sosi kabla ya kukaanga. Usijaribu. Sukari inaungua kabla nyama haijaiva, na mafuta yote yanapata uchungu.

Naweza kuweka pilipili kali?

Unaweza, lakini nakusihi uanze na pilipili manga. Ukali wake ni mkavu, unapanda puani, na ndio unaovitambulisha vipapatio vya mtindo wa Yamachan. Saga punje wakati huo huo. Unga uliokaa kabatini mwaka mzima hauna harufu iliyobaki. Ukipata manga nyeupe, changanya nusu kwa nusu na nyeusi. Zanzibar na Tanga inalimwa pilipili manga nzuri sana, kwa hiyo kiungo hiki hakuna haja ya kukitafuta mbali.

Naweza kutumia oveni, au ile mashine ya kukaangia kwa hewa ya moto?

Ndiyo, ingawa ngozi itakuwa ya namna nyingine kidogo. Changanya vipapatio vikavu na kijiko kimoja cha chakula cha hamira ya unga, ile ya keki na si hamira ya mkate, pamoja na chumvi. Inapunguza asidi ya ngozi, na ngozi inapata rangi na ukavu haraka zaidi. Panga kwenye wavu juu ya trei. Oveni nyuzi 220, dakika 40 hadi 45, geuza katikati. Mashine ya hewa nyuzi 200, dakika 20 hadi 25, bila kuvibananisha. Paka sosi, virudishe dakika 2 tu.

Ndani nimeona wekundu karibu na mfupa. Havijaiva?

Si lazima. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa mdogo, mifupa yake ina vitundu vidogo, na rangi ya uboho hupenya nje hasa kama alikuwa amegandishwa. Kinachoamua ni joto: nyuzi 74 kwenye nyama karibu na mfupa. Bila kipimajoto, chana sehemu nene. Nyama iwe imebadilika rangi yote, maji yanayotoka yawe maangavu, na mfupa uchomoke bila kung'ang'ania. Ukiwa na shaka, rudisha kwenye mafuta ya moto wa wastani dakika 2.

Nina wageni wa futari. Naweza kuvipika mapema?

Mapishi haya yamekaa vizuri kwa hilo. Fanya duru ya kwanza mchana, viache vipoe, vifunike, weka ndani ya friji. Sosi iwe tayari kwenye sufuria yake. Jioni vitoe dakika 20 kabla, na baada ya adhana, wakati watu wanafungua kwa tende na maji, kaanga duru ya pili kwa dakika 3 au 4 na upake. Ile duru ya pili usiifanye mapema hata kidogo.

Mafuta yakishika moto?

Zima jiko, funika karai kwa mfuniko wa chuma, usiliguse mpaka lipoe. Usimwage maji kamwe: yanageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka. Kwenye jiko la mkaa, ambalo halizimiki kwa kuzungusha kitufe, mfuniko uwe karibu tangu mwanzo, na watoto wawe mbali.

Mafuta yaliyotumika yakipoa yachuje kwa kitambaa, na kwa kuwa hayajaguswa na sosi, yanafaa mara mbili au tatu zaidi. Yakianza kutoa povu au harufu ya zamani, yatupe, lakini si kwenye sinki.

Wenyewe wanavila vipi?

Kwa mikono. Shika ncha kwa mkono mmoja na sehemu nene kwa mwingine, vunja kwenye kiungo, tenganisha. Ile sehemu yenye nyama itie mdomoni kwa upande mpana, bana kwa meno, vuta mifupa. Ikiwa umekaanga sawasawa, mifupa miwili inatoka mitupu kwa mvuto mmoja. Ncha hutafunwa pembeni. Pembeni weka kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba sana na kulowekwa kwenye maji ya baridi, na wali mweupe kwa anayetaka kushiba. Kachumbari yetu ya nyanya na vitunguu nayo inakwenda vizuri, punguza chumvi tu.

Vikibaki?

Viweke kwenye friji ndani ya saa mbili, na uvile ndani ya siku tatu. Vipashe kwenye oveni nyuzi 200 kwa dakika 8 hadi 10, au kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo ukivigeuza, maana sosi ina sukari na inaungua upesi. Maikrowevu inavipasha lakini inailainisha ngozi, kwa hiyo ukiwa na hiyo tu, afadhali uvichambue nyama na kuichanganya kwenye wali wa kukaanga.